Ukiuliza vita utapewa wanaume

Kila mwaka tukifika kwenye Vita vya Majimaji, ile ya watu wa kusini mwa Tanzania dhidi ya Wajerumani iliyoanza 1905, naandika ubaoni namba nne bila maelezo: 15, 73, 316, 75,000. Halafu nakaa. Wanafunzi wa mwaka wa pili hawajazoea mhadhiri anayenyamaza, kwa hiyo kwanza wanacheka, kisha wanaanza kuchungulia simu chini ya meza. Wakishachoka kubahatisha ndipo nasema: Wazungu waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa 15, askari wao Waafrika 73, na wasaidizi, wale rugaruga, 316. Hiyo ya mwisho ni idadi ya Waafrika waliokufa upande wa pili, kwa mujibu wa serikali hiyohiyo ya Kijerumani. Swali langu siku hiyo huwa moja tu: nani alihesabu?

Wapo wanaodaka mapema. Rugaruga alikuwa na ujira wake, kwa hiyo alihesabiwa mahali, na akifa hesabu yake lazima ifungwe. Aliyefia porini huko Liwale hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Yeye yumo kwenye zile sufuri tatu za mwisho. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyeichimba vita hii kuliko karibu mtu yeyote, alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Ukichukua idadi ya Wajerumani au ya Gwassa, jambo moja halibadiliki: risasi ziliua wachache. Wengi waliuawa na njaa.

Nimelijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi, kwa maana ya kuliandika kwenye mtihani na kupata alama. Kulielewa kulikuja baadaye sana, na hakukuja kwa njia ya kusoma.

Kwanza niseme nilivyofundishwa. Idara ya Historia pale Mlimani, chuoni Dar es Salaam, ilianza mwaka 1964, ikiongozwa na Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini kwa msimamo wake dhidi ya ubaguzi. Baada yake akaja Isaria Kimambo, ambaye alikuwa ameandika historia ya Wapare kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza, wakati ambapo vyuo vingi duniani vilikuwa bado vinabishana kama masimulizi ya wazee yanafaa kuitwa ushahidi. Mwaka 1968 idara hiyo ikawatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengi wao wakiwa wametoka kusini wenyewe, warudi makwao wakahoji watu waliokumbuka Majimaji. Hesabu ni rahisi: mtoto wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na miaka sabini na mitatu mwaka 1968. Wangechelewa kidogo tu, wasingemkuta mtu. Ripoti zao zilizopigwa taipu bado zinasomwa, na mimi kila nikizisoma nawavulia kofia vijana wale.

Lakini zisome tena ukiangalia nani anaongea. Wazee wa kiume, karibu ukurasa baada ya ukurasa. Wanaongea juu ya Kinjikitile, mganga wa kule Ngarambe, juu ya dawa yake ya maji iliyoaminika kuzuia risasi, juu ya namna habari zilivyosambaa kutoka Umatumbi hadi Ungindo hadi Ungoni. Siwalaumu waliouliza. Nchi ilikuwa na miaka saba ya uhuru na ilikuwa inatafuta mahali ambapo makabila mengi yaliwahi kusimama pamoja, na Majimaji ilikuwa jibu zuri mno kuliacha. Ukiuliza vita utapewa wanaume. Ndivyo swali lilivyo.

Na mimi nilipoanza utafiti wangu kusini nilibeba maswali yaleyale, nimeyapanga vizuri kwenye karatasi. Anayedhani mtafiti anashuka kwenye basi na kuanza kuhoji hajawahi kufanya kazi hii Tanzania. Unakwenda na barua ya chuo mkoani, mkoa unakuandikia barua ya wilaya, wilaya inakuandikia ya kata, mtendaji wa kata anampigia simu mwenyekiti wa kijiji, na kijijini unasaini kitabu cha wageni, ukiandika jina, cheo, unakotoka, na kwenye safu ya mwisho, dhumuni. Pale kwenye dhumuni niliandika "historia". Mwenyekiti akalisoma, akaniangalia, akasema, "Basi utamtaka mzee wetu." Kila kijiji kina mzee wake wa kuwapa wageni. Ameshahojiwa mara nyingi, anajua wageni wanataka nini, na anawapa kwa ukarimu.

Huyu wa kwangu, katika vilima vya Umatumbi, si mbali sana na Nandete ambako pamba iling'olewa Julai 1905 na vita ikaanza, alikuwa fundi wa kusimulia. Alipofika kwa Kinjikitile kunyongwa aliteremsha sauti, nami nikawa naandika. Dada yake alikuwa upande wa pili wa ua anapepeta, mgongo ametugeuzia. Hakugeuka aliposema:

"Nyie wageni mkija ni maji, maji, maji. Hamuulizi walikula nini."

Mzee akacheka, akamwambia asituvuruge. Nikamwomba radhi mzee, nikahamisha kigoda.

"Shikamoo bibi. Walikula nini?"

"Marahaba mwanangu. Walikula ndiga."

Akanieleza ndiga kama mtu anayemweleza binti yake anayekaribia kuolewa. Ni kiazi cha porini, na kina sumu. Unakichimba, unakimenya, unakikata vipande vyembamba, vyembamba hasa, kipande kinene kinabaki na sumu katikati. Unavitia kwenye kikapu, kikapu unakifunga mtoni panapopita maji. Maji yaliyotuama hayafai. Unavilaza humo siku kadhaa. Kabla ya kuanika unagusisha kipande kwenye ncha ya ulimi. Kikiwasha, unarudisha mtoni. Ukishaanika unatwanga, unapika kama ugali. Nikamuuliza alijifunza kwa nani. Kwa bibi yake. Na bibi yake? "Kwenye njaa ya Mjerumani. Walikufa waliokuwa na haraka." Akasema kuna ukoo mmoja pale jirani uliokwisha wote kwa usiku mmoja kwa sababu mama mwenye nyumba aliona watoto wanalia, akautoa mzigo mtoni kabla ya wakati.

Akaendelea kupepeta. Kaka yake alikuwa amenyamaza. Aliniambia baadaye kwamba habari ya ukoo ule alikuwa hajawahi kuisikia, na wamekulia nyumba moja.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, nikaanza upya kusoma mambo niliyokuwa nimeyapita. Oktoba 1905 kapteni mmoja, Wangenheim, alikuwa amemwandikia Gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake hayatamaliza chochote. Ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri. Barua hiyo inajulikana, imenukuliwa kwenye vitabu, na nilikuwa nimeinukuu mimi mwenyewe. Kilichokuja kutekelezwa ndicho hicho: vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakafyekwa, chakula kilichofaa kikachukuliwa kulisha askari, na watu wakazuiwa kupanda msimu uliofuata. Sasa kila nilipokutana na sentensi ya afisa anayeripoti kijiji kimechomwa pamoja na akiba yake, nilikuwa nakiona kile kikapu kimefungwa mtoni. Zilikuwa nusu mbili za habari moja. Mjerumani aliandika alichochoma, na wanawake wakabaki na ujuzi wa kilichofuata, wakarithishana jikoni, mama kwa binti, bila mtu wa kuja na kalamu.

Tangu hapo nikawa naanza mahojiano na chakula. Mbegu mlizipata wapi baada ya vita? Nani aliolewa kwa mtama? Mtoto gani alipelekwa kwa watu ili ale, akarudi au hakurudi? Siwezi kukueleza namna maswali haya yanavyofungua watu. Mwanamke ambaye mwenyekiti angekuapia kwamba hajui historia anakupa nasaba nzima, maana bibi wa bibi yake aliachwa kwenye mji fulani kwa debe la nafaka na ndiyo sababu wao wako upande ule wa mto mpaka leo. Wanaume nao wanabadilika. Mzee akiacha kusimulia vita na kuanza kusimulia njaa, anaacha kusimulia kama kiongozi wa msafara wa watalii.

Na njaa haikuishia 1908. Watu walipopungua, pori lilirudi, na wanyama wakarudi na pori, pamoja na mbung'o. Katika miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha watu wa sehemu kubwa ya Liwale, wakawakusanya kwenye makazi ya pamoja, na ardhi waliyoiacha ikaingia kwenye Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anayepiga picha "pori lisiloguswa na binadamu" huenda amesimama juu ya jiko la mtu. Hilo naweza kulisema kwenye mhadhara kwa dakika tano na wanafunzi wakaandika. Kijijini ni habari nyingine: niliposimulia mtiririko huo kwenye mkutano, kijana mmoja aliyepoteza ekari nzima ya mahindi wiki ile alinyoosha mkono akauliza, "Profesa, hiyo historia yako inaweza kuondoa tembo?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alikuwa anauliza kweli. Nilimsaidia kuandika barua kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Barua ilikuwa fupi na haikuwa na historia ndani yake.

Darasani kwangu kilichobadilika ni zoezi la muhula. Zamani nilikuwa natoa insha. Siku hizi insha inaandikwa na simu, na sina muda wa kuwa polisi. Sasa kila mwanafunzi anatakiwa amhoji mtu mzima mmoja wa karibu juu ya msimu wa njaa au uhaba, anipe sauti, anipe maandishi, kisha aende maktaba atafute kama kuna karatasi inayolingana na alichosikia. Waliotoka Dodoma wanarudi na Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi yalipochukua mifugo, nafaka na wapagazi, na mvua ikakataa. Wengi wanarudi na ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, au na foleni za duka la kaya baada ya Vita vya Kagera, mtu anaweka jiwe kushika nafasi yake na kwenda zake kazini. Binti mmoja aliniletea sauti ya bibi yake wa Kilimanjaro anayekataa katakata kwamba kuliwahi kuwa na njaa, dakika arobaini za kukataa, na ndani ya kukataa huko mna kila kitu.

Mwaka fulani kijana mmoja alinijia ofisini akasema yeye amelelewa kituoni, hana bibi wala babu. Nilikuwa nataka kumpa zoezi jingine, akaniambia hapana, anataka lilelile. Akaenda kumhoji mama ntilie anayemkopesha chakula karibu na hosteli. Yule mama alikuwa ametoka Masasi akiwa binti mdogo, na alichomsimulia kilikuwa mihogo, kangomba (ule ununuzi wa korosho wa kichinichini), korosho zilizouzwa zikiwa bado ni maua kwa sababu nyumbani hakuna unga. Karatasi ile ndiyo bora niliyowahi kusahihisha kwenye kozi hiyo. Alifuatilia bei, akafuatilia vyama vya ushirika, na akaonyesha namna deni la msimu mmoja linavyomfukuza mtoto shule msimu wa pili.

Juu ya "huduma kwa jamii", ambayo ni kipengele rasmi kwenye fomu zetu za tathmini, nina machache. Fomu inaipa alama kidogo. Makala kwenye jarida la nje ina alama zake zinazojulikana. Daftari la masimulizi lililochapwa kwa Kiswahili na kuachwa kwenye ofisi ya kijiji halina. Nimeacha kugombana na fomu. Naandika makala, na napeleka daftari.

Kupeleka daftari, hata hivyo, si sherehe kama wanavyodhani wanaoandika maombi ya fedha za utafiti. Nakumbuka mkutano mmoja ambapo tulisoma kwa sauti kile walichotueleza. Ukurasa wa pili haukuisha: ukoo mmoja ulisikia kwamba shamba la bondeni lilikuwa la ukoo mwingine kabla ya vita, na mgogoro uliokuwa umelala ukaamka mbele yetu. Mwenyekiti akataka nisaini karatasi kwamba "utafiti wa chuo umethibitisha". Sikusaini. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya familia moja, na kazi yangu ilikuwa kusema hivyo mbele ya wote wawili, wakiwa wamekasirika wote wawili. Toka siku ile tunasoma kwanza kwa kila familia peke yake, na familia inachagua kinachoingia kwenye daftari la kijiji.

Kwa walimu kazi ni nyepesi zaidi na ina raha yake. Tangu lilipokuja somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, walimu wa shule za msingi na sekondari wananipigia wakitaka vitu vya kufundishia vilivyotoka mahali pao. Mwalimu mmoja wa Songea alinichekesha: aliwaambia watoto wa darasa la tano walete majina ya vyakula vya njaa kutoka nyumbani, kesho yake akapokea orodha ambayo hata mimi sikuwa nayo, pamoja na malalamiko ya mzazi kwamba mwalimu anawauliza watoto kama kwao hawali.

Songea ndiko maumivu yako juu zaidi. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, na kwa miaka mingi ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, umekuwa ukiuliza kiliko kichwa chake, kinachoaminika kuchukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Nilifurahi. Nilifurahi pia kwamba wanafunzi wangu walibishana juu yake wiki nzima. Ila kwa mtu anayefanya kazi ya njaa, lilibaki pengo: kichwa kinaweza kutafutwa kwenye makumbusho ya Berlin, kikawekewa namba na kurudishwa. Waliokufa porini hakuna aliyechukua vichwa vyao. Wazee wa Umatumbi waliniuliza fidia itafika lini kwao, na kwa nini rais yule hakupita. Niliwajibu ninachojua, ambacho ni kwamba mimi si mtu wa kuulizwa, na wao wakanijibu kwamba ndiye mtu wa chuo pekee aliye mbele yao.

Namalizia na kaseti. Si kaseti kweli, ni faili la sauti, lakini ndivyo ninavyoliita.

Katika wilaya moja ya Ruvuma bwana mmoja wa makamo alinisimulia, kinasa sauti kikiwa kinafanya kazi na yeye anakiona, kwamba babu wa baba yake alikuwa rugaruga. Alijua ambako watu walikuwa wamefukia nafaka zao, kwa sababu ni watu wake, na aliwaonyesha askari. Shimo baada ya shimo. Alipata ng'ombe kwa kazi hiyo, na ng'ombe wale ndio mwanzo wa uwezo wa ukoo wao hadi leo. Ukooni wanasimulia kwamba babu alipigana upande wa pili. Alipomaliza aliniomba kitu kimoja: isisikike wakati shangazi yake yuko hai, maana shangazi ndiye anayekwenda kwenye maadhimisho kila mwaka kumwakilisha babu. Nilikubali, tukaandikiana, nikaweka faili na karatasi mahali pa kufungwa.

Sasa nina mwanafunzi wa uzamili, hodari kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, anayeandika juu ya namna maghala yaliyofichwa yalivyogunduliwa. Ushahidi wa ndani wa jambo hilo hauko popote isipokuwa kwenye faili lile. Alijua lipo kwa sababu niliwahi kulitaja kwenye semina bila jina. Akaja kuliomba, nikakataa. Akaniambia angebadilisha majina na wilaya. Nikamwambia pale kusini ukibadilisha jina na wilaya bado watu watahesabu ng'ombe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa heshima zote, "Profesa, Wajerumani nao walikuwa na sababu zao za kufunga mafaili."

Nilimwambia hoja yake ni nzuri na jibu langu ni lilelile. Shangazi mtu, nilivyosikia mwezi uliopita, ana afya njema na Februari alikuwa mstari wa mbele. Mwanafunzi ameomba abadilishiwe msimamizi. Nimesaini fomu, na nimemwandikia orodha ya majina ya wanawake wanne wa Liwale ambao wanaweza kumweleza walikuwa wanafukia nafaka namna gani, na kwa kina gani.